Mashimo au Mahame? Tahakiki ya Jina Moja la Kihistoria

Muhula uliopita, katika somo la tafsiri, tuliwapa wanafunzi wa mwaka wa pili aya fupi ya Kiingereza inayoeleza mabaki ya kale yaliyoko kwenye nyanda za juu za magharibi mwa Kenya. Mabaki hayo Kiingereza huyaita mashimo ya Sirikwa, na wengi wetu tukiyataja kwa Kiswahili husema "Mashimo ya Wasirikwa". Aya yenyewe haikuwa ngumu. Karibu wanafunzi wote waliandika "mashimo", nasi tukawapa alama zao. Tulipokuwa tukirudisha karatasi, mwanafunzi mmoja kutoka Kapchorwa aliuliza: "Mwalimu, kwani watu hao walikuwa wakiishi shimoni?"

Darasa lilicheka. Sisi hatukuweza kucheka, kwa kuwa swali hilo ndilo lililowashughulisha wanaakiolojia kwa zaidi ya miaka thelathini katika karne iliyopita, na jina hilohilo lina sehemu yake katika mkanganyiko huo. Tuligundua pia kwamba tulikuwa tumetoa alama kwa tafsiri ambayo ni sahihi kwa neno na si sahihi kwa kitu.

Makala haya yanalihakiki jina hilo. Tumezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na mashairi, lakini jina nalo ni utungo, hata likiwa na maneno mawili tu. Linasema jambo, linaficha jambo, na linamwelekeza msikilizaji aone nini kabla hajaona chochote. Hoja yetu ni kwamba jina la "mashimo" limefukia nyumba za watu, na kwamba Kiswahili, kilipolitafsiri neno kwa neno, kilichukua kosa la wengine ilhali chenyewe kina maneno yanayofaa zaidi.

Mabaki yenyewe

Kwanza tueleze kinachozungumziwa, kwani wasomaji wengi wa jarida hili hawajafika huko. Kuanzia eneo la Nakuru katika Bonde la Ufa hadi Uasin Gishu, Nandi, Kericho, Elgeyo na upande wa Mlima Elgon, kuna maelfu ya mabonyeo ya mviringo ardhini. Mengi yako kwenye miteremko ya vilima. Umbo lake ni kama la sahani au bakuli. Kwa kawaida upana wake ni mita 10 hadi 15, na baadhi yana kina kinachozidi kimo cha mtu. Upande wa chini wa mteremko huwa kuna mlango, na kando ya mlango huo huwa kuna tuta la udongo. Mahali penye mawe mengi, kama uwanda wa Uasin Gishu, kingo za bonyeo zilijengewa ukuta wa mawe yaliyopangwa bila saruji wala udongo wa kushikiza. Mahali pasipo na mawe, hakuna kilichobaki ila bonyeo na tuta, na nyasi juu yake.

Umri wake unajulikana kwa kiasi cha kutosha. Mabaki hayo ni ya kipindi cha kuanzia karne ya 12 au ya 13 hadi karne ya 18 hivi. Maana yake ni kwamba Husuni Kubwa ilipokuwa ikijengwa kwa matumbawe kule Kilwa mwanzoni mwa karne ya 14, na Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331, huku bara, kwenye baridi ya zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, kulikuwa na familia zilizoamka alfajiri kukamua ng'ombe na kuzoa samadi. Kipindi ambacho wanahistoria wa Ulaya hukiita Zama za Kati kilikuwa na watu wake hapa pia, na wengi wao hawakuwa wa mijini. Walikuwa wafugaji na wakulima wa vilimani.

Tunalisema hili kwa sababu darasani kwetu historia ya karne hizo hufundishwa kama historia ya pwani peke yake. Mwanafunzi wa Kiswahili humaliza shahada akiijua Kilwa, Gedi na Lamu. Akiulizwa ni nani aliyeishi Nakuru wakati huohuo, hana jibu. Akipewa jibu, anapewa neno "mashimo".

Jina lilivyomwongoza mchimbaji

Miaka ya 1937 na 1938, Mary Leakey alichimba katika kilima kimoja kidogo karibu na mji wa Nakuru, kiitwacho Hyrax Hill kwa sababu ya pimbi waliokuwa wengi kwenye mawe yake. Ripoti yake ilichapishwa mwaka 1945. Alikuta mambo mengi ya nyakati mbalimbali, yakiwemo makaburi ya zamani zaidi, na pia alikuta mabonyeo tunayoyazungumzia. Aliyaeleza kuwa ni makazi ya shimoni, yaani nyumba zilizochimbwa nusu ardhini na kuezekwa juu.

Hatumlaumu. Mtu aliyekuta duara lililochimbwa, lenye mlango, vigae vya vyungu na mifupa ya wanyama, alikuwa na sababu ya kufikiri kuwa ni nyumba. Lakini tuangalie jinsi neno lilivyosaidia. Kitu kikishaitwa shimo, swali linalofuata ni "Shimo hili lilikuwa la nini?" Macho yote yanaelekea ndani ya shimo. Hakuna anayeuliza kilichokuwa pembeni yake, kwa sababu jina halikutaja pembeni.

Aliyeuliza hivyo ni John Sutton. Katika miaka ya 1960 alitembea na kuchimba sehemu nyingi za nyanda za juu za magharibi, na mwaka 1973 alichapisha kitabu kuhusu akiolojia ya eneo hilo. Katikati ya miaka ya 1980 alirudi kuchimba Hyrax Hill penyewe. Alichoonyesha ni kwamba bonyeo halikuwa nyumba. Lilikuwa zizi. Ng'ombe, mbuzi na kondoo walilazwa humo usiku. Nyumba ilikuwa pembeni, imeshikamana na zizi, na aliyetaka kuingia nyumbani alipitia zizini. Nyumba zenyewe zilijengwa kwa miti na vitu vingine vinavyooza, kwa hiyo zilizobaki ni sakafu tu, ambazo jicho lisilozitafuta halizioni. Tuta la kando ya mlango nalo likapata maelezo: ni samadi na matope yaliyokuwa yakizolewa kutoka zizini na kumwagwa upande wa chini, siku baada ya siku, mwaka baada ya mwaka.

Kwa nini zizi lichimbwe? Maelezo ya Sutton ni ya usalama. Ng'ombe ndiye aliyekuwa mali, na mali hiyo ilitembea kwa miguu yake. Mwizi wa usiku alikuta zizi limezama ardhini, mlango mmoja mwembamba, na wenye mali wamelala mlangoni. Huo ni mpango wa mtu anayejua anachokilinda. Ni mbali sana na picha ya watu wa shimoni ambayo jina lilikuwa limetupatia.

Kuna jambo jingine ambalo jina linaficha. Mabonyeo haya mara nyingi huonekana kwa makundi, kumi hapa, ishirini pale. Mtazamaji wa haraka angedhani ni kijiji kikubwa. Lakini si lazima yote yalitumika wakati mmoja. Zizi likishachakaa au kujaa matope, familia ilichimba jingine jirani. Kwa hiyo kundi la mabonyeo linaweza kuwa ni habari ya familia chache kwa vizazi vingi, wala si ya umati wa watu kwa siku moja. Wingi wa ngeli ya LI-YA haumwambii msomaji ni wingi wa aina gani.

Tatizo la kiambishi "Wa-"

Nusu ya pili ya jina ina matatizo yake pia. Neno "Sirikwa" linatokana na simulizi za jamii za Kalenjin, ambazo husema kuwa kabla yao au pamoja na babu zao kulikuwa na watu wa jina hilo. Kiswahili, kwa sarufi yake, hakiwezi kuliacha neno hilo hivihivi. Likihusu watu linaingizwa katika ngeli ya A-WA, na mara moja tunapata "Wasirikwa", kama Waganda, Wahaya au Wachaga. Kiambishi kimoja cha silabi moja kimetuumbia kabila kamili, lenye mipaka na lugha yake. Na kwa kuwa leo hatulikuti katika orodha ya makabila tunayoyajua, tunaongeza sentensi ambayo tumeiona mara nyingi katika kazi za wanafunzi: "Wasirikwa walipotea."

Je, walipotea? Sutton alikuwa na maoni kwamba sehemu kubwa ya watu hao hawakwenda popote. Kilichokwisha ni namna ya kuishi, yaani zizi la kuchimbwa na nyumba iliyoshikamana nalo. Mabadiliko hayo yalikamilika karne ya 18, wakati makundi ya Wamaasai yalipotawala malisho ya nyanda hizo kwa mpangilio mpya wa kivita, ambao zizi la shimo halikuweza kuuzuia. Watu walibadili makazi na mtindo wa ufugaji, na wengi walijumuika katika jamii ambazo leo tunaziita Kalenjin, na nyingine jirani. Kama ni hivyo, mwanafunzi wetu wa Kapchorwa, ambaye lugha ya nyumbani kwao ni Kupsabiny, yaani lugha mojawapo ya Kikalenjin, huenda alikuwa akiuliza juu ya mababu zake mwenyewe. Naye alikuwa akichekwa.

Isitoshe, jina hili si la maktabani peke yake. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya ilitoa uamuzi katika kesi ya ardhi ya Uasin Gishu ambayo upande mmoja ulikuwa kundi la maskwota lenye jina la Sirikwa. Hatuna neno juu ya kesi hiyo; si kazi ya idara ya lugha. Tunachosema ni kwamba mwalimu anapoandika ubaoni "Wasirikwa walipotea" anaandika jambo ambalo kuna watu walio hai wanaolisikia kwa masikio mengine kabisa.

Mfano wa hapa nyumbani

Msomaji wa Uganda asidhani kuwa haya ni ya Kenya tu. Kwetu tunayo Bigo bya Mugenyi, mahandaki makubwa ya udongo karibu na mto Katonga, ambayo urefu wake wote unazidi kilomita 10. Peter Shinnie alichimba hapo mwaka 1957 na Merrick Posnansky mwaka 1960. Jina hilo la Kiganda maana yake ni ngome za mgeni. Tazama basi kazi ambayo jina limeshaifanya kabla ya mchimbaji kushika sururu: limesema ni ngome, na limesema mwenyewe alikuwa mgeni. Swali la kama mahandaki hayo yalikuwa ya vita, ya kuzuilia mifugo, au ya kuonyesha ukubwa wa mtawala, limebaki likijadiliwa na wataalamu, lakini kwa msikilizaji wa kawaida jina limeshatoa hukumu. Karibu na hapo kuna Ntusi, ambako watu waliishi, wakalima na kufuga kuanzia karne ya 11 hivi, na vilima vya taka zao bado vinaonekana. Ntusi haina jina la ngome, na hatuoni ajabu kwamba ni wachache wanaoifahamu.

Kiswahili kina nini?

Hapa ndipo sisi walimu wa lugha tunapopaswa kujiuliza kama tumefanya kazi yetu. Tafsiri ya neno kwa neno huwa ni kosa la uvivu pale ambapo lugha pokezi ina neno lake. Je, Kiswahili kina neno gani kwa mahali palipokuwa makazi ya watu na sasa hapana watu?

Neno la kwanza linalokuja kichwani ni "gofu", kwa wingi "magofu". Lakini gofu linahitaji ukuta. Ni neno la mji wa mawe. Huwezi kusimama kwenye mteremko wa nyasi huko Nandi na kuliita bonyeo gofu bila kumpotosha msikilizaji. Tunadhani hii ndiyo sababu mojawapo ya bara kukosa nafasi katika masomo yetu. Tumejifunza kuiona historia mahali penye magofu, na pasipo na magofu tunaona nyasi.

Neno la pili ni "hame", au kama wengi wasemavyo "mahame". Limetokana na kitenzi "kuhama", nalo lina maana ya mahali palipohamwa. Hili halidai ukuta. Halisemi waliokuwapo walikuwa kina nani wala waliishi katika nyumba ya aina gani. Linadai jambo moja tu: kwamba watu walikaa hapa, kisha wakaondoka kwa miguu yao. Ndani ya neno hilo hakuna kupotea; mwenye kuhama huwa ana aendako. Kwa makazi ya Wasirikwa, hatujaona neno linalofaa kuliko hilo.

Kamusi zetu zina pia "ganjo" na "tongo", maneno ambayo vijana wengi hawayatumii tena. Hili la pili linatufurahisha zaidi kwa kuwa lina ndugu zake katika lugha za jirani. Wanafunzi wetu kutoka Rwanda wanalijua neno "amatongo", yaani mahali palipokuwa na miji ya watu na sasa pamebaki pweke. Wale wa Burundi wanalo "itongo", ambalo kwao ni kipande cha ardhi cha familia. Yaani neno lilelile upande mmoja ni mahali palipoachwa, upande mwingine ni mali inayorithiwa. Waganda nao wana "ekifulukwa". Darasa lenye wanafunzi wa lugha hizi zote halina sababu ya kwenda kuazima "shimo" kutoka kwa mgeni.

Kuhusu bonyeo lenyewe, neno lipo na ni la kila siku: ni "zizi". Tukitaka kulitofautisha na mazizi mengine tunaweza kusema "zizi la kuchimbwa". Kwa hiyo aya yetu ya mtihani ingeweza kutafsiriwa hivi: mahame ya Sirikwa, yenye mazizi ya kuchimbwa na nyumba pembeni yake. Ni maneno mengi zaidi, lakini nyumba imerudi.

Pingamizi

Tulipowasomea wenzetu idarani rasimu ya makala haya, walitoa pingamizi mbili ambazo hatuna budi kuzijibu.

Ya kwanza ni kwamba jina limeshazoeleka. Mwanafunzi atakayetafuta habari katika maktaba au makumbusho atakuta "mashimo" kwa Kiingereza, na tukimpa "mahame" atapotea njia. Pingamizi hili lina uzito. Hatupendekezi jina la zamani lifutwe. Linaweza kutajwa kama jina, kwa alama za mtajo, pamoja na maelezo kwamba liliwekwa na waliotazama kabla ya kuchimba vya kutosha. Tunachopinga ni kulitumia kama maelezo.

Ya pili ilikuwa kali zaidi. Mwenzetu mmoja alisema kuwa nasi tunafanya kosa lilelile: tunaondoa jina moja lenye hukumu na kuleta jingine lenye hukumu. "Mahame" linasema watu walihama. Je, wote walihama kwa hiari? Hakuna waliofukuzwa, waliouawa, waliobaki palepale na kubadili tu namna ya kujenga? Tunakiri kwamba amesema kweli. Hakuna jina lisilo na upande. Hata hivyo majina hayalingani katika madhara yake. Jina linalosema "watu waliishi hapa" likikosea, linakosea juu ya jinsi walivyoondoka. Jina linalosema "hapa pana shimo" linakosea juu ya kuwepo kwao.

Hitimisho

Tunapendekeza mambo matatu kwa walimu wenzetu. Kwanza, katika somo la tafsiri, majina ya mahali pa kale yasichukuliwe kama msamiati wa kukariri, bali kila jina liulizwe ni nani aliyelitoa, lini, na aliona nini. Pili, maneno hame, tongo, ganjo na gofu yafundishwe pamoja, kwa kulinganishwa, na wanafunzi walete maneno ya lugha zao. Zoezi hilo halihitaji kitabu wala fedha. Tatu, tunapofundisha historia ya Kiswahili na majirani zake katika karne za 12 hadi 18, tuitaje bara kwa watu wake, hata kama hawakuacha ukuta.

Kuhusu yule mwanafunzi, tulimjibu wiki iliyofuata mbele ya darasa lote. Tulimwambia kuwa hapana, hawakuishi shimoni; shimoni walilala ng'ombe, na wenyewe walilala mlangoni wakiwalinda. Alifikiri kidogo, kisha akasema kuwa bibi yake angeshangaa kusikia kuwa jambo hilo lilihitaji kuchimbuliwa. Karatasi za wanafunzi tulizikusanya tena. Alama za "mashimo" hatukuziondoa, maana kosa lilikuwa letu, lakini kila aliyekuja na neno jingine baada ya mjadala tulimwongezea mbili.